Dawa bila daftari hupotea bila habari

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika nani amekopa sukari na nani amelipa, mwisho wa mwezi hujikuta na rafu tupu asijue faida ilikwenda wapi. Leo nataka tuitazame methali hii kwa jicho la afya. Nchi yetu imegawa mamilioni ya tembe za minyoo na za matende kwa miaka mingi. Swali langu ni moja tu: daftari liko wapi?

Sizungumzii daftari la tembe zilizotoka ghalani. Hilo lipo, na husomwa kwa fahari kila kampeni inapokwisha. Nazungumzia daftari la minyoo waliobaki: wako ndani ya nani, wangapi, na itachukua muda gani kuwamaliza.

Kilichonisukuma kuandika haya ni ziara moja ya likizo ya Desemba, nyumbani kwa mjomba wangu huko Kwale. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe wahudumu wawili wa afya walipobisha hodi, mmoja ameshika daftari na mwingine mfuko wa tembe. Watoto walipanga foleni wakameza, wakanywa maji, wakarudi mchezoni. Ilipofika zamu ya mjomba, alitikisa kichwa. "Mpwa wangu," akaniambia mimi badala ya kuwajibu wao, "tembe hizo ni za watoto wa shule. Mimi nina wajukuu." Wahudumu walicheka, nami nikacheka. Walifunga daftari wakaenda boma lililofuata.

Mjomba wangu hulima muhogo. Hushinda shambani miguu mitupu, na choo cha karibu kiko mbali na shamba. Sikumjibu kitu siku ile kwa sababu hata mimi niliamini kwamba minyoo ni shida ya watoto. Nimekuja kujua baadaye kwamba sote wawili tulikosea, na kwamba kosa hilo la nyumba moja lilikuwa pia kosa la mataifa mengi. Waliolifichua walikuwa watu wa hesabu.

Maradhi ya maskini

Kabla hatujaingia kwenye hesabu zenyewe, tukumbushane tunazungumza juu ya nini. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa 21 ambayo huitwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Yanawasumbua zaidi ya watu bilioni moja ulimwenguni. Kwetu Kenya tunayafahamu kwa majina: safura, mchango, kichocho, matende, trakoma, kalaazar na mengineyo. Yamepuuzwa kwa sababu aghalabu hayaui kwa kishindo. Huchosha, hulemaza, hupofusha, humpunguzia mtoto damu hadi asinzie darasani. Na wanaougua ni watu ambao sauti zao hazifiki mbali.

Hata hivyo, si magonjwa yasiyoshindika. Mnamo 2018 Kenya ilitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa wa mnyoo wa Guinea. Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini humu. Basi tusiseme haiwezekani. Tuulize inawezekanaje, na kwa gharama gani.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Msomaji mpenzi, usiogope neno hili ukakumbuka mwalimu wako wa hisabati na kiboko chake. Hesabu ninayoizungumzia ni kama ile ya mama anayepanga matumizi ya mwezi. Huanza na anachojua: mshahara ni kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani, watoto wanakula unga kiasi gani kwa juma. Kisha hujiuliza: nikikata hiki, nitafika mwisho wa mwezi? Akiongeza kile, je? Hufanya hivyo mezani kabla hajatoa hata senti moja, maana kukosea kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukosea sokoni.

Wataalamu wa magonjwa hufanya vivyo hivyo. Huchukua wanachojua kuhusu mnyoo: huishi miaka mingapi, hutaga mayai mangapi, mayai hayo hukaa muda gani udongoni, dawa huua minyoo wangapi kati ya kumi, na ni nani katika jamii aliyebeba wengi. Huyafunga yote pamoja katika kielelezo cha hesabu, kisha hukiuliza: tukigawa dawa hivi, baada ya miaka mitano tutakuwa wapi?

Jambo hili si jipya. Ronald Ross, yule daktari wa Kiingereza aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1902 kwa kugundua kwamba malaria huletwa na mbu, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia. Watu walimbeza wakisema haiwezekani kuua kila mbu duniani, kwa hivyo kupigana naye ni kazi bure. Ross alikaa akapiga hesabu, akaonyesha kwamba hakuna haja ya kuua kila mbu. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, malaria yenyewe hufifia ikaisha. Fikra hiyo, kwamba kuna kiwango ambacho ugonjwa ukishuka chini yake hauwezi kujiendeleza, ndiyo nguzo ya yote nitakayoyasema.

Kijiji cha minyoo 5,000

Turudi kwenye mwembe wa mjomba. Mwaka wa 2012 serikali yetu ilianzisha mpango mkubwa wa kitaifa wa kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo. Wakati huo, katika sehemu zilizochunguzwa, karibu theluthi moja ya wanafunzi walipatikana na minyoo wa tumboni. Watoto takriban milioni sita walimeza dawa katika mwaka wa kwanza wa mpango huo. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na bado nasifu. Mwalimu yuko pale, watoto wako pale, tembe moja kwa kila mmoja, gharama ni ndogo. Maambukizi yalipungua na watoto wengi walipata nafuu.

Lakini minyoo hawafanani. Mnyoo wa mchango, yule mkubwa wa mviringo, hupenda watoto. Huishi takriban mwaka mmoja, na jike mmoja aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Ukiwatibu watoto, umegusa sehemu kubwa ya mchango iliyoko kijijini. Mnyoo wa safura ni habari nyingine. Huyu huingia kupitia ngozi ya miguu, hujishikiza ndani ya utumbo akafyonza damu, na aweza kuishi humo miaka kadhaa. Kadiri mtu anavyoendelea kulima na kutembea miguu mitupu ndivyo anavyozidi kumwokota. Kwa sababu hiyo safura imejaa zaidi kwa watu wazima: wakulima, akina mama, wazee. Kwa mwanamke mjamzito, ambaye tayari anahitaji damu ya watu wawili, mnyoo huyu ni mwizi hatari.

Sasa tupige hesabu kidogo, msomaji. Chukua kijiji cha kufikiria tu, chenye watu 1,000. Watoto wa shule ni 300 na watu wengine ni 700. Tuseme kijiji kizima kina minyoo wa safura 5,000. Watoto wa shule wamebeba 1,000 na waliosalia wamebeba 4,000. Dawa yetu, tuseme, inaua minyoo tisa kati ya kila kumi.

Mpango wa kwanza: tugawe dawa shuleni pekee, na kila mtoto ameze bila kukosa hata mmoja. Tutaua minyoo 900. Wamebaki 4,100. Gazeti litaandika kwamba asilimia 100 ya watoto wamepata dawa, na itakuwa kweli. Lakini katika kila minyoo 100 waliokuwa kijijini, 82 wangali hai na wanataga.

Mpango wa pili: tupite nyumba kwa nyumba, tumpe kila mtu, na tukubali kwamba wawili kati ya kila kumi watakuwa safarini au watakataa kama mjomba. Tutaua minyoo 3,600. Wamebaki 1,400, yaani 28 katika kila 100. Mpango huu ulikosa watu wengi, na bado ulimshinda ule wa kwanza kwa mbali.

Na mambo hayaishii hapo. Mtoto aliyesafishwa tumbo Jumatatu anarudi kucheza Jumanne katika udongo uleule ambao watu wazima wanaendelea kuutia mayai. Mwaka ukiisha amekwisha kuokota wengine, nawe unarudi shuleni na tembe nyingine. Unateka maji kwa pakacha.

Kwale ilipopimwa

Utaniambia, hayo ni maneno ya kijiji cha kufikiria. Ni kweli. Wataalamu wa vielelezo walipoandika mnamo 2013 na 2014 kwamba kuwatibu watoto wa shule pekee hakutatosha kuikomesha safura, walikuwa na karatasi na kompyuta tu. Karatasi haina tumbo. Ilibidi jambo hilo lipimwe kwa watu wa kweli, na msomaji mpenzi, lilipimwa hapa kwetu.

Kati ya 2015 na 2017, watafiti wa taasisi yetu ya KEMRI pamoja na wenzao kutoka London walifanya jaribio katika kaunti ya Kwale. Waliliita TUMIKIA, kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Waligawa vitengo 120 vya afya ya jamii kwa kura katika makundi matatu. La kwanza liliendelea na utaratibu wa kawaida, watoto kutibiwa shuleni mara moja kwa mwaka. Katika la pili, kila mtu nyumbani alipewa dawa mara moja kwa mwaka. Katika la tatu, kila mtu alipewa mara mbili kwa mwaka.

Matokeo yalichapishwa 2019 katika jarida la Lancet. Baada ya miaka miwili, katika kundi la shule pekee maambukizi ya safura katika jamii yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika kundi la nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Katika lile la mara mbili kwa mwaka, kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Soma tena takwimu hizo, msomaji. Kundi la kwanza lilipunguza takriban robo ya maambukizi, la mwisho likapunguza zaidi ya theluthi mbili. Hesabu ilisema, na udongo wa Kwale ukaitikia. Na mjomba wangu, kwa kukataa tembe ile, alikuwa anajiondoa katika lile kundi ambalo bila yeye kazi haikamiliki.

Wanaokosa ni walewale?

Nitoke kwenye safura niende kwenye matende, ugonjwa ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Wamemwona mzee ambaye mguu umevimba hata viatu havimwingii, na mwanamume mwenye busha anayeona haya kwenda msikitini au sokoni. Huletwa na minyoo wembamba kama uzi wanaosambazwa na mbu. Dawa zilizotumika kwa muda mrefu huua hasa vijiminyoo vichanga vilivyomo kwenye damu. Mnyoo mzazi huishi miaka kadhaa, na aweza kuzaa tena. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri jamii nzima imeze dawa kila mwaka, kwa angalau miaka mitano, na kila mwaka wameze si chini ya asilimia 65 ya watu wote.

Hapo kuna mtego ambao macho matupu hayauoni. Chukua tena kijiji chetu cha watu 1,000, na tuseme kila mwaka watu 650 wanameza na 350 wanakosa. Afisa wa afya anaandika asilimia 65, mwaka baada ya mwaka, na lengo limefikiwa. Lakini je, wanaokosa ni nani?

Ikiwa kila mwaka wanakosa watu tofauti, huyu kwa safari, yule kwa msiba, basi baada ya mwaka wa pili waliokosa mara zote mbili ni kama 123. Baada ya mwaka wa tatu, 43. Wa nne, 15. Baada ya miaka mitano, watu ambao hawakumeza hata mara moja ni kama watano tu.

Lakini ikiwa wanaokosa ni walewale kila mwaka, wale ambao hawaamini dawa, wale wanaovua samaki usiku na kulala mchana, wale ambao mhudumu hawafikii kwa sababu njia ni mbovu, basi baada ya miaka mitano bado ni watu 350. Miaka mitano ya jasho, magari, mafuta na tembe, na zaidi ya theluthi ya kijiji haijawahi kuguswa. Mbu hajui tarakimu ya afisa. Humuuma aliyebeba mdudu, akaenda kumuuma aliyekwisha kutibiwa.

Vitabu vya maafisa wote wawili vinasema asilimia 65. Mmoja anakaribia ushindi, mwingine bado yuko mlangoni. Bila kuuliza ni nani alikosa mwaka jana, hatuwezi kuwatofautisha.

Sisi wenyewe tumeonja uchungu wa jambo hili. Ugawaji wa dawa za matende ulianza huko Kilifi mwaka wa 2002, kisha ukapanuliwa hadi wilaya nyingine za pwani. Lakini katika miaka iliyofuata kampeni haikufanyika kila mwaka kama ilivyoshauriwa. Kila mwaka uliorukwa ulimpa mnyoo mzazi nafasi ya kujaza damu upya. Ni kama mtu anayepalilia shamba mara moja kisha akarudi baada ya misimu miwili, akashangaa magugu yametoka wapi.

Baadaye zikaja habari njema. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya dawa tatu kwa pamoja, na 2018 Kenya ilizitumia Lamu na Jomvu, ndani ya Mombasa. Hesabu zilikuwa zimeonyesha kwamba dawa tatu zaweza kupunguza miaka inayohitajika, mradi watu wengi wameze. Hilo sharti la mwisho lisisahaulike. Dawa bora kuliko zote haimtibu mtu aliyekataa kuimeza.

Kujua wakati wa kuacha

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hutufaa, nalo ni kujua lini tuache. Mwaka wa 1974, mataifa ya Afrika Magharibi yalianza kampeni ya kupambana na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaana katika maji yaendayo kasi. Ndege zilinyunyizia mito dawa kila juma. Inzi walipungua upesi, na mtu yeyote angeweza kusema kazi imekwisha, turudi nyumbani. Lakini mnyoo mwenyewe aweza kuishi ndani ya mwili wa binadamu zaidi ya miaka kumi. Kielelezo cha hesabu kilionyesha kwamba unyunyizaji ulihitaji kuendelea takriban miaka 14, ili minyoo waliomo miilini wafe kwa uzee kabla ya inzi kurudi. Walivumilia. Mpango ulipofungwa mwaka wa 2002, mabonde yaliyokuwa yamehamwa kwa hofu ya upofu yalikuwa yamerudiwa na wakulima.

Fikiria kama wangaliacha mwaka wa saba, wakiwa na furaha ya kutoona inzi. Fedha zote zile zingalikwenda na maji.

Nasema haya kwa sababu hapa kwetu swali la kuacha lina mwiba wake. Mojawapo ya dawa za matende ni albendazole, ile ile inayoua safura. Katika maeneo ya matende, mtu mzima anayemeza dawa ya matende hupata tiba ya safura bila kujua. Siku ugawaji wa matende utakapokoma kwa sababu matende yameshindwa, na tushangilie, mtu huyo mzima atapoteza pia dawa ya safura, akabaki mtoto wa shule peke yake. Ni nani amepiga hesabu ya yatakayofuata? Yafaa ipigwe kabla, si baada.

Wanaopinga

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba vielelezo hivi hutengenezwa na watu wa mbali walioketi mbele ya kompyuta, ambao hawajawahi kukanyaga Msambweni. Wasiwasi huo si wa bure. Kielelezo ni kama mpishi; ukimpa unga wenye mchanga atakupa ugali wenye mchanga. Ikiwa mhudumu anaandika kwamba tembe zimemezwa wakati ziko mfukoni mwa mtu, hesabu yote inaharibika. Na hata hesabu nzuri haifanyi miujiza. Kule Kwale, hata baada ya miaka miwili ya kutibu kila mtu mara mbili kwa mwaka, safura haikufika sufuri. Asemaye kwamba tembe pekee zitaimaliza anajidanganya.

Wapo pia watakaosema, fedha hizo zijengwe vyoo na ziletwe viatu na maji safi. Nakubaliana nao kwa moyo wote, na hesabu inakubaliana nao vilevile. Mayai yasipofika udongoni, mnyoo hana njia. Lakini choo cha kaunti nzima hakijengwi kwa mwaka mmoja, na mama mjamzito mwenye safura hana miaka kumi ya kusubiri. Dawa hupunguza mzigo leo, choo huzuia usirudi kesho. Hakuna haja ya kuvigombanisha.

Pingamizi la tatu ndilo zito: fedha. Kutembea nyumba kwa nyumba ni ghali kuliko kumtumia mwalimu darasani. Kwa miaka mingi misaada ya dawa za minyoo imelenga hasa watoto wa shule, na tangu 2025 mifuko ya wafadhili wakubwa imekazwa. Lakini ndiyo sababu nasema hesabu inahitajika zaidi sasa kuliko zamani. Tajiri aweza kununua bila kuhesabu. Mwenye shilingi chache hapana budi ajue kila moja inakwenda wapi. Pengine kuna vijiji ambavyo shule pekee inatosha kwa sababu mchango ndio tatizo, na vingine ambako tunatupa tembe kwa sababu safura imejificha kwa wazazi. Kugawa sawasawa kila mahali kunaonekana ni haki, lakini huenda ni hasara.

Tufanyeje?

Nina maombi matatu kwa wakuu wa afya wa kaunti, kwa maana tangu 2013 mzigo huu uko mabegani mwao. Kwanza, kampeni ikiisha, wasitutangazie tembe zilizotolewa pekee. Watuambie ni watu wangapi hawajameza hata mara moja kwa miaka iliyopita, na wako vijiji gani. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa mikoba ya vifaa na simu. Kazi ya kuandika majina haiwezi tena kusemwa kuwa haiwezekani. Pili, pale ambapo safura ndiyo imetawala, watu wazima waingizwe kwenye bajeti. Tatu, wapewe kazi vijana wetu waliosomea hesabu katika vyuo vikuu vyetu. Wapo wengi wanaofundisha masomo ya ziada mitaani ilhali ofisi ya afya ya kaunti haina hata mmoja wa kukaa na daftari hili.

Na wewe msomaji mpenzi, uliye Nairobi, Nakuru au Mombasa, unaweza kudhani kwamba haya si yako. Ni yako. Wewe ndiwe unayempigia mama simu Jumapili na kutuma pesa za mbolea. Neno lako kule nyumbani lina uzito kuliko bango la serikali. Ukisikia kampeni imetangazwa, muulize mama kama amemeza. Muulize baba, ambaye aghalabu ndiye huponyoka. Mwambie kwamba kumeza kwake ndiko kunakowalinda wajukuu. Ikiwa kuna mjamzito, mgonjwa mahututi au mtoto mchanga nyumbani, wamweleze mhudumu kwanza, maana kuna dawa ambazo hawapewi.

Nami nimeanza na nyumba yangu. Nilimpigia mjomba nikamsomea takwimu za Kwale, zile za 18.6 na 6.2. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hao waliokuja hapa kwangu, mbona hawakurudi?"

Sikuwa na jibu. Jina lake liliandikwa kwenye daftari lile kwamba amekataa, kurasa zikafungwa, na hakuna aliyezifungua tena kumtafuta. Naomba mwaka huu zifunguliwe.